Kalenda za jikoni

Mke wangu hajawahi kuweka shajara, na ukimuuliza atakuambia maandishi yake ni barua na orodha ya sokoni tu. Lakini tangu tufike Chicago mwaka 1997, kila Desemba huchukua kalenda ya bure msikitini, ile yenye nyakati za swala na tarehe mbili mbili, ya mwezi mwandamo na ya Kizungu. Huitundika jikoni kando ya jokofu, na mwaka mzima hujaza vile viboksi kwa kalamu. Zamu yangu na mahali nilipopelekwa. Nani atamfuata mtoto shuleni. Nani kakopa na lini ameahidi kulipa. Na, jambo ambalo mimi sikulijua mpaka mwaka 2020, namna nguo zangu za kazi zilivyorudi nyumbani.

"Mchanga mwingi. Fua mara mbili." Hiyo ni Juni 2006. "Harufu ya lami, zilale nje." Agosti ya mwaka huohuo. Mwaka 2011, katikati ya Ramadhani, kuna kiboksi chenye maneno mawili tu: "Buti mpya," na chini yake, kwa wino mwingine, "zimeshaharibika".

Wakili wangu, katika kesi ya ugonjwa nilioupata kazini reli, alizichukua zote kumi na tisa, kuanzia 1999 hadi 2017, akazitia katika boksi la karatasi za kuchapia. Nilimwona mke wangu akilisindikiza boksi lile kwa macho mpaka kwenye lifti.

Nilizaliwa Tabora, nyumba ya tatu kutoka uzio wa stesheni. Baba alikuwa fundi wa karakana, tangu zama za Shirika la Reli la Afrika Mashariki mpaka lilipovunjika mwaka 1977, kisha akaendelea chini ya shirika la Tanzania. Pale kwetu mtu wa reli alikuwa mtu kweli: ana nyumba ya kazi, ana sare, ana saa ya mkononi na anaifuata. Nilishinda bahati nasibu ya grinikadi, nikaja Marekani na mke na mtoto mmoja, nikaosha magari, nikalinda maegesho. Aprili 1999 nikaajiriwa na kampuni moja kubwa ya reli za mizigo. Nilipompigia baba simu kumpa habari, alicheka sana. "Basi mwanangu, umerudi nyumbani."

Niliwekwa kwenye genge la njia. Nilichokuwa nakijua ni mataruma ya chuma ya Reli ya Kati, yale yanayolia ukiyagonga. Huku mengi ni ya mbao, yamelowekwa kriosoti ili yasioze, na jua la Julai likiyapiga hutoa jasho jeusi linalobabua ngozi ya mikono na shingo. Hilo la kriosoti wote tulilijua, maana lilionekana na lilinuka. Tulipaka mafuta, tukafunga vitambaa shingoni, tukalaani. Lililoniumiza mimi halikunuka wala kubabua.

Reli hulazwa juu ya kokoto, na kokoto ni mawe magumu yaliyopondwa, mengi yana silika ndani yake, yale madini magumu yaliyomo kwenye mchanga. Treni zinapopita miaka na miaka, kokoto husagika na kukaa ovyo, kwa hiyo zinaletwa mpya, zinamwagwa kutoka tumboni mwa mabehewa, kisha inakuja mashine ya kushindilia na nyuma yake mashine ya kusawazisha yenye ufagio mkubwa unaozunguka. Mimi niliendesha hiyo ya ufagio kuanzia 2001. Siku kavu, ukianza kufagia, huoni mwenzako aliye hatua kumi mbele. Ilikuwa na kibanda cha kukaa, ndiyo, lakini mlango wa ile niliyopewa haukufunga vizuri kwa misimu miwili, na kiyoyozi kilipokufa tulifungua madirisha ili tusipikwe. Barakoa za karatasi zilikuwepo ofisini, ukiomba. Kunyunyizia maji kabla ya kufagia nilikusikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtaalamu wa kesi yangu, mwaka 2021. Nilimwuliza mara mbili kama nimemwelewa. Maji tu? Maji tu.

Sikulalamika. Nataka niliseme hili bila kujipamba, kwa sababu wapo wanaonisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Nilikuwa na watoto wawili, baadaye watatu, nilikuwa nalipwa vizuri kuliko binamu yangu mwenye digrii, na niliamini kuwa mtu wa reli hupata kikohozi kama mvuvi anavyopata magaga. Baba naye alikohoa.

Mwaka 2010 nilihamishiwa kwenye banda la vichwa vya treni, kazi ya usafi na kumimina mchanga. Watu wa nje hushangaa nikisema mchanga. Kila kichwa cha treni kina masanduku ya mchanga mkavu unaomwagwa juu ya reli mbele ya magurudumu ili yasiteleze. Huo nao ni silika. Kwa hiyo nilitoka kwenye vumbi moja nikaingia jingine, na juu yake moshi wa dizeli wa vichwa vilivyoachwa vikiunguruma usiku kucha wakati wa baridi. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kusababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na asbesto. Mwenzetu mmoja alibandika ukurasa wa gazeti kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Kesho yake haukuwepo.

Nilianza kushindwa ngazi za msikiti mwaka 2014. Mwaka 2015 nikaenda kliniki ya karibu na nyumbani, nikapewa fomu ya kujaza, nikaambiwa ni pumu, nikapewa kile kidude cha kuvuta. Mwaka 2016 hali ikazidi, nikapelekwa kwingine, na huko daktari aliangalia mahali nilipozaliwa kabla hajaniangalia mimi. Afrika Mashariki, kikohozi, kupungua uzito. Wakanichoma kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, mkono ukavimba, kama unavyoweza kuvimba kwa mtu aliyechanjwa utotoni. Miezi ikaenda nikinywa dawa na kuvaa barakoa nyumbani kwangu mwenyewe, binti yangu mkubwa akiogopa kuleta rafiki zake. Sisemi walikosea kunipima. Silika huudhoofisha mfumo wa mapafu mpaka kifua kikuu kiingie kwa urahisi, na hata daktari wa mwisho alifurahi kwamba nilikuwa nimeshapimwa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeniuliza nafanya nini kutwa.

Aliyeniuliza ni mama mmoja daktari wa mapafu, mzaliwa wa India, Machi 2017. Nilimjibu kama nilivyowajibu wote: "Nafanya kazi reli." Wengine waliposikia hivyo waliandika na kuendelea, nadhani walinipa picha ya mtu anayekata tiketi. Yeye akaweka kalamu chini. "Reli ni kubwa. Mikono yako inafanya nini?" Nikaanza kueleza ufagio. Hakunikatiza kwa dakika ishirini hivi. Baada ya picha za mashine na kukatwa kipande cha pafu, akaniambia jina: silikosisi. Makovu yasiyofutika. Mawe yaliyosagwa laini kuliko unga, yamekaa mule na hayatatoka.

Sasa nije kwenye sheria, ambayo nimeisoma kuliko kitu chochote baada ya msahafu.

Nilipowaambia jamaa wa Dar es Salaam, jibu la kwanza lilikuwa: "Kwani huko hakuna mfuko?" Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na pale swali ni kama ugonjwa umetokana na kazi, huulizwi kama mwajiri alikosea. Marekani nayo kila jimbo lina utaratibu wa fidia wa namna hiyo. Isipokuwa kwa mtu wa reli. Sisi tuna sheria yetu wenyewe, iliyotiwa saini na Rais Theodore Roosevelt Aprili 1908, zama ambazo wafanyakazi wa reli walikuwa wanakufa kwa maelfu kila mwaka na mahakama zinasema walijitakia. Kwa sheria hiyo hulipwi kwa sababu tu umeumia kazini. Lazima uishtaki kampuni na uthibitishe uzembe wake. Kwa upande mwingine, ukithibitisha, malipo hayana kipimo cha jedwali kama ya mfuko: unalipwa mshahara uliopotea, matibabu, maumivu, na jopo la raia walioitwa mahakamani kusikiliza kesi ndilo linalopima.

Uzembe wenyewe kizingiti chake ni cha chini, na hapa niliwapenda wazee wa zamani. Kuna kesi ya mwaka 1957 ya mfanyakazi wa njia aitwaye Rogers, aliyekuwa akichoma magugu kando ya reli. Treni ikapita, upepo wake ukauchochea moto, akarudi nyuma akaanguka. Mahakama ya Juu ikasema inatosha kama uzembe wa mwajiri ulichangia hata kwa kiasi kidogo kabisa. Mwaka 2011 kampuni moja ilijaribu kuling'oa neno hilo, ikashindwa kwa kura 5 kwa 4.

Lakini kesi niliyoisoma mpaka karatasi ikachoka ni ya Tom Urie, ya mwaka 1949. Urie alikuwa mchochea moto wa treni za mvuke kwa miaka kama thelathini. Masanduku ya mchanga yalikuwa mabovu, vumbi likaingia alikokaa. Mwaka 1940 alilazimika kuacha kazi kwa ugonjwa wa mapafu, ikagundulika ni silikosisi. Kampuni ikadai amechelewa kushtaki, kwa kuwa alianza kulivuta vumbi tangu 1910. Mahakama ikakataa: mtu hawezi kuhesabiwa muda kwa jambo ambalo hakulijua na hakuwa na kosa la kutolijua. Saa inaanza kugonga pale ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba unaumwa na kwamba kazi ndiyo chanzo. Mchanga uleule! Nilisoma hukumu ile kwenye basi, nikapitiliza kituo changu.

Kutoka hapo saa inapoanza, una miaka mitatu. Hayo maneno "ulipopaswa kujua" ndiyo yaliyokaribia kunimaliza.

Kabla ya hapo, kulikuwa na karatasi. Juni 2017, miezi mitatu baada ya jibu la daktari, kampuni ilitangaza kupunguza watu kwa hiari. Ukubali kuondoka, upewe mkupuo. Kiasi chenyewe kilitosha kulipa deni la gari na kumalizia nyumba ya mama Tabora. Nilikuwa na kalamu mkononi. Mzee mmoja wa Arkansas, ambaye banda zima tulimwita Anko, alinifuata mpaka kwenye gari akaniambia nisome ukurasa wa nne. Pale palikuwa na aya inayosema naachilia madai yote, ya majeraha na ya magonjwa, yanayojulikana na yasiyojulikana. Sheria ya 1908 inabatilisha mikataba ya kumwondolea mwajiri wajibu wake, na mahakama zimewahi kuzitilia shaka karatasi za namna hiyo pale ambapo mtu hakujua anaachilia nini. Mimi hata utetezi huo nisingekuwa nao, maana nilikuwa najua. Jibu la daktari lilikuwa kwenye droo. Nilirudisha karatasi bila saini, na Julai nikaondoka kwa ugonjwa, bila mkupuo.

Hapo nikagundua hesabu nyingine. Mtu wa reli hayumo katika hifadhi ya jamii ya kawaida; ana bodi yake ya mafao, ambayo makao makuu yake yapo hapahapa Chicago. Bodi hiyo hutoa pensheni kwa asiyeweza tena kazi yake ya reli, hata kama anaweza nyingine, ila kwa mtu wa umri wangu lazima awe na miaka 20 ya utumishi: miezi 240. Mimi nilikuwa na 220. Nilizihesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda za mke wangu, kana kwamba zingezaa. Ipo pia ya asiyeweza kazi yoyote kabisa, ambayo huhitaji miezi 120 tu, lakini daktari aliandika, na aliandika kweli, kwamba kazi ya kukaa naiweza. Leo napokea simu katika ofisi ya jamaa anayesafirisha mapipa kwenda Dar na Mombasa.

Kwa nini nilikaa mpaka Februari 2020 kufungua madai, mwezi mmoja kabla ya miaka mitatu kutimia? Nilikuwa naona haya. Nilidhani kumshtaki aliyekulisha ni ukosefu wa adabu. Na nilimsikiliza mtu mmoja wa msikitini, hana nia mbaya, aliyeniambia mawakili wote ni wezi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na orodha ya mawakili wa sheria hii muda wote huo, imebandikwa ukutani, na nilikuwa naning'iniza koti langu juu yake.

Wakili aliyenipokea alikuwa mtu wa maneno machache, malipo yake theluthi moja ya kitakachopatikana, hakuna kitu tukishindwa. Alifungua mahakama ya jimbo, kwa kuwa sheria hairuhusu kampuni kuihamishia kesi ya namna hii mahakama ya shirikisho kwa kutaka kwake. Kisha ikaja korona, na mambo yote yakalala.

Nilihojiwa chini ya kiapo siku mbili, asubuhi mpaka adhuhuri, karani akipiga chapa kila neno. Siku ya kwanza ilikuwa ya sigara. Nilivuta kwa miaka minane, tangu Tabora mpaka mke wangu alipobeba mimba ya pili. Wakili wangu alikuwa ameniasa: sema. Katika sheria hii kosa lako halikufukuzi, linapunguza tu malipo kwa kiasi cha kosa. Ukidanganya, limekwisha. Basi nikasema, pakiti kwa siku ngapi, aina gani, niliacha lini. Yule wakili wa kampuni alionekana amekata tamaa kidogo. Nadhani alikuja na picha.

Siku ya pili akatoa fomu. Ile ya kliniki ya mwaka 2015. Palikuwa na swali: kuna kinachozidisha dalili? Na hapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto: "VUMBI KAZINI."

"Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu."

"Kwa hiyo mwaka 2015 ulijua vumbi la kazini linakuumiza."

Ungefikiri mtu hujifunza kusema uongo kwa sababu ya ubaya. Mimi siku ile nilijutia ukweli. Kama saa ilianza 2015, ilikuwa imekwisha kugonga 2018, na mimi nimekuja 2020. Nikamjibu kwamba vumbi lilinikohoza kama moshi wa kuni unavyomkohoza kila mtu, na kwamba daktari aliyeisoma fomu hiyohiyo aliniambia ni pumu. Kama yeye hakujua, mimi ningejuaje? Sikutayarishwa kusema hivyo. Lilinitoka.

Waliposikia kuna kalenda, wakataka kumhoji mke wangu naye. Kiingereza chake ni cha dukani, kwa hiyo akaletwa mkalimani, kijana wa Nairobi, mwenye heshima zake. Nilikaa nje. Yaliyotokea nimeyasoma baadaye kwenye nakala ya mahojiano, na ninaweza kuisoma kila siku.

Kijana alikuwa amelitafsiri neno "mchanga" kama lilivyo: mchanga, wa ufukweni. Wakili wa kampuni akalidaka. Mchanga ni chembe kubwa, hauingii kwenye mapafu. Kama mumeo alirudi na vumbi, mbona hukuandika vumbi? Kiswahili hakina neno la vumbi? Mke wangu akaeleza, na kijana akatafsiri kwa shida, kwamba vumbi ni la barabarani, ukikung'uta nguo linatoka na upepo. Lile halikutoka. Aliloweka ovaroli kwenye beseni, maji yakawa ya kijivu, akayamwaga taratibu, na chini ya beseni palibaki kitu laini kizito kama mchanga uliosagwa kwenye kinu, ukikipaka kati ya vidole kinateleza na kung'aa. Aliliita mchanga kwa sababu lilizama. Tena lilimziba bomba la sinki mara mbili, na fundi wa bomba yupo kwenye kalenda, Mei 2007, na alilipwa dola 90.

Wakaendelea. Aliandika haya kwa sababu mumewe alimwambia ayaandike?

"Hapana. Hakuwa akijua."

Kwa sababu alifikiri kutakuwa na kesi?

"Mimi sikuwa naandika kesi. Nilikuwa naandika nguo."

Mtaalamu wetu wa hewa za kazini alizichukua kalenda zile akapanga kila siku na mahali, kila "fua mara mbili" na hali ya hewa ya siku hiyo, na rekodi za kampuni yenyewe za kumwaga kokoto. Zilipangana. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilishusha kiwango cha juu cha vumbi la silika hadi mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa nane. Hakuna aliyewahi kupima hewa ya kibanda changu katika miaka yote ile, na mtaalamu alisema kutokupima ndiko kulikompa kazi rahisi: kampuni haikuwa na namba ya kumkanushia.

Mashahidi walikuwa wagumu. Sheria inakataza kumwadhibu mfanyakazi anayetoa habari za ajali au ugonjwa wa mwenzake kwa hiari, lakini sheria haikai nawe chumba cha mapumziko. Wanne niliowaomba, wawili waliacha kupokea simu. Siwalaumu, na mimi nilikuwa na watoto. Anko alikuja, ameshastaafu, amevaa suti ya kanisani.

Kuna jambo la hofu ambalo lilinigusa. Niliwahi kusema kwa daktari kwamba silali, nawaza saratani, kwa kuwa silika nayo huweza kuileta. Wakili akaniambia hofu hiyo ina bei. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliwakubalia wafanyakazi sita wa reli wenye asbestosisi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la asbesto, walipwe pia kwa kuogopa saratani, mradi hofu ni ya kweli na nzito. Lakini mwaka 1997 mahakama hiyohiyo ilimkatalia fundi bomba wa stesheni ya Grand Central, New York, aliyekuwa akitoka kazini mweupe kwa asbesto kiasi kwamba yeye na wenzake waliitwa watu wa theluji. Yeye alikuwa na hofu bila ugonjwa. Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa na thamani kwa sababu mapafu yangu yalikuwa yameshaharibika. Sijui nilishukuru au nilifanya nini. Nilisaini ukurasa uliofuata.

Jaji alikataa kuifuta kesi kwa hoja ya fomu ya 2015. Akasema kujua kwamba vumbi linakukohoza na kujua kwamba una ugonjwa wa vumbi ni mambo mawili, na jopo la raia ndilo litakaloamua. Baada ya uamuzi huo kampuni ikataka kuzungumza. Machi 2022 tulikaa vyumba viwili, mpatanishi, jaji mstaafu, akitembea katikati na karatasi za manjano. Alipoingia mara ya nne nilikuwa nimeshachoka kwa kupumua tu. Tukakubaliana saa kumi na moja jioni. Karatasi ya mapatano inanizuia kutaja kampuni na kiasi, na nimeitii. Naweza kusema tu yaliyopungua: theluthi ya wakili, ada za mtaalamu wa hewa na daktari wa ushahidi, kisha fedha za ugonjwa nilizokuwa nimelipwa na bodi ya reli, ambazo nazo hurudishwa. Hilo la mwisho nililijua siku ya kutia saini. Kilichobaki kimelipa nyumba hii, kikamsomesha mdogo, na choo cha ndani cha mama kina vigae.

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto, sitasema wapi. Mwezi uliopita alinitumia picha, anacheka, kope zake nyeupe. "Mjomba, naonekana mzee kama wewe." Nimempigia tukaongea saa nzima. Nimemwuliza mikono yake inafanya nini, kuanzia asubuhi, na nimemwambia kila jioni anitumie sauti ya dakika moja: amekuwa wapi, upepo ulivuma vipi, walinyunyiza maji au hawakunyunyiza. Anaona namsumbua. Anatuma, hata hivyo, na mke wangu anaandika.

Kalenda zetu zilirudi msimu uliopita wa joto, katika boksi lilelile, kila moja na kibandiko cha namba ya kielelezo pembeni. Mke wangu alizihesabu mezani kabla hajazigusa vinginevyo. Kumi na nane. Inayokosekana ni ya 2009, ambayo mna kuzaliwa kwa kitinda mimba wetu na kifo cha baba, katika mwezi mmoja. Nimeshapiga simu ofisini kwa wakili mara sita. Karani anasema lazima ipo kwenye ghala, ataitafuta.